ADABU YA MSAFIRI KATIKA NJIA YA HIJR

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa jumuiya na wageni wao

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote zinamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyeitandika ardhi na kuijaalia njia, na sala na salamu zimfikie Bwana Mtume Muhammad (s.a.w.), na aali zake, na masahaba zake waliotembea naye katika baridi na katika hari.



Kaskazini ya Madina, mwendo wa gari wa zaidi ya kilomita 300, liko bonde ambalo Waarabu huliita Al-Hijr. Watu wengi hulijua kwa jina la Madain Saleh, yaani miji ya Saleh. Mji wa Al-Ula uko kusini yake, umbali wa kilomita 22 hivi. Ni nchi ya mchanga na majabali ya rangi nyekundu yaliyosimama pekepeke, kila moja mbali na mwenziwe, kama majahazi yaliyopwelewa. Na katika nyuso za majabali hayo imechongwa milango mirefu, yenye nguzo na ngazi na sura za tai juu yake, kazi ambayo hata mwashi wa leo mwenye vyombo vya chuma kizuri angeitazama akanyamaza.

Zamani habari za mahali hapo zilikuwa habari za vitabuni. Haji wa nchi hizi alikwenda Makka, akazuru Madina, akarudi kwao, na Hijr aliisoma katika Kurani tu. Hivi sasa mambo yamegeuka. Tangu mwaka 2019 serikali ya Saudia imetoa viza kwa watalii, na mwaka 2020 eneo la Hijr lilifunguliwa rasmi kwa wageni. Barabara ya lami inafika. Aliyemaliza ziara yake Madina akiwa na siku mbili za nafasi na nauli mfukoni anaweza kupanda gari asubuhi, na kabla ya jua kutua akawa ameyaona majabali hayo kwa macho yake.

Hapo ndipo swali lilipozuka, na linaulizwa barazani na misikitini: je, Mwislamu anaruhusiwa kwenda? Na akienda, apige hema alale? Majibu yanayosikika ni mawili. Mmoja husema: hapo ni mahali pa laana, asiende mtu kabisa. Mwingine husema: hayo ni mawe tu, na aende apige picha, ale, anywe, aimbe. Majibu yote mawili ni mepesi mno, na yote mawili yanatolewa na watu wasiotazama Bwana Mtume (s.a.w.) alifanya nini alipopita yeye mwenyewe njia hiyo. Kwani alipita. Na alipita na jeshi zima.

Kwanza yafaa kuikumbuka asili ya jambo. Kabila la Thamud lilikuwa na nguvu na maarifa ya kuchonga nyumba katika milima, na lilikaa humo kwa amani na kiburi. Mwenyezi Mungu akawapelekea ndugu yao, Nabii Saleh (a.s.), na akawapa ngamia jike kuwa ishara. Sharti lake lilikuwa katika maji: siku moja maji ni ya ngamia, na siku ya pili ni ya watu na wanyama wao. Jangwani hakuna sharti zito kuliko hilo. Wakalibeba kwa muda, kisha likawachosha, wakamkata miguu yule ngamia na kumwua. Wakapewa siku 3 za kustarehe majumbani mwao, na zilipokwisha ukawashika ukelele, wakapambazukiwa wamelala kifudifudi. Surat Hud inaeleza, na Surat Ash-Shuara, na ile iliyopewa jina la bonde lenyewe, Surat Al-Hijr, ambayo ni ya 15. Ugomvi wao na Mola wao ulianzia kisimani, na neno hili lisisahauliwe, maana litarudi.

Sasa itazameni safari ya Tabuk. Ilikuwa mwezi wa Rajab, mwaka wa 9 wa Hijra, sawa na mwaka 630. Kutoka Madina hadi Tabuk ni zaidi ya kilomita 600. Jua lilikuwa kali, tende zilikuwa zimeiva mitini na kila mtu alitamani kivuli cha shamba lake, wanyama walikuwa wachache hata watu wakapokezana ngamia mmoja. Jeshi hilo likaitwa jeshi la dhiki. Waandishi wa sira wanasema watu walifikia 30,000. Njia yao ilipita Hijr.

Walipofika, watu walifanya analolifanya kila msafiri mwenye kiu: walivikimbilia visima. Wakateka maji, wakakanda unga, wakainjika vyungu. Mara ikaja amri ya Bwana Mtume (s.a.w.): maji yamwagwe, na unga uliokandwa wapewe ngamia. Habari hii iko katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim kwa mapokezi ya Ibn Umar (r.a.).

Aliyekulia kando ya ziwa, mahali ambapo mtoto hutumwa maji akarudi na ndoo kabla chai haijachemka, huenda asilipime jambo hili sawasawa. Na ajitie katika nafsi ya mtu mmoja wa jeshi lile. Ametembea siku nyingi. Midomo imepasuka. Amepata maji, tena maji matamu ya kisima, amekwisha yachanganya na unga wake wa mwisho, na mikono yake ingali nyeupe kwa unga. Anaambiwa amwage. Wala hakuambiwa kwamba maji yana sumu, kwani ngamia waliachiwa wale unga ule ule. Maji yalikuwa mazima. Kilichokatazwa ni yeye kuyatia mwilini mwake maji ya watu waliodhulumu nafsi zao juu ya maji. Wakamwaga, na hakuna mapokezi ya mtu yeyote kulumbana.

Kisha akawaambia, kwa maana ya maneno yake, wasiingie katika maskani ya watu wale ila wakiwa katika hali ya kulia, wasije wakapatwa na yaliyowapata wenyewe. Akajifunika kichwa chake kwa nguo juu ya mnyama wake, akaharakisha mwendo mpaka akalivuka bonde.

Wenye kusema asiende mtu kabisa, na wayatazame maneno hayo. Ndani yake mna katazo, na ndani ya katazo mna mlango: ila wakiwa wanalia. Bwana Mtume (s.a.w.) hakuwazungusha watu kwa njia nyingine ili wasilione bonde. Aliwapitisha katikati yake, macho wazi na nyoyo zimeinama. Na wenye kusema ni mawe tu, nao na wajiulize kwa nini aliye mtukufu wa viumbe alifunika kichwa na kwenda mbio mbele ya mawe.

Imebaki habari ya kulala. Katika mapokezi mamoja imetajwa kwamba watu waliteremka Hijr, na katika mengine kwamba Bwana Mtume (s.a.w.) aliharakisha mpaka akalipita bonde, na kwa hiyo wengine wamedhani mapokezi hayo yanapingana. Hayapingani. Imam Ahmad amepokea habari iliyo timilifu zaidi: watu waliteremka karibu na nyumba za Thamud na kuteka maji ya visima vyao; ndipo wakaamriwa kumwaga vyungu na kuwapa ngamia unga; kisha akawaondoa hapo, akaenda nao mpaka akawateremsha penye kisima alichokuwa akinywa ngamia wa Saleh. Basi kambi ilikuwapo, lakini haikuwa milangoni mwa walioangamia. Ilikuwa penye kisima cha aliyedhulumiwa.

Wanavyuoni wameyajenga hapo mambo mengi. Wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi katika nchi hizi, wameyahesabu maji ya visima vya Thamud miongoni mwa maji yaliyo makruhu kutumiwa, isipokuwa ya kisima cha ngamia. Ingawa aliyeyatawadhia udhu wake husihi. Wa madhehebu ya Hanbali wamekaza zaidi, wakasema hayaruhusiwi. Imam Bukhari ameweka mlango maalumu kuhusu kusali mahali palipoteremka adhabu, na humo ametaja kwamba imepokewa Ali (r.a.) alichukia kusali Babil kwa sababu hiyo. Na Imam Nawawi, alipoisherehesha hadithi ya Hijr, aliifananisha na jambo ambalo kila haji aliyeko hapa analijua kwa miguu yake: kuharakisha katika bonde la Muhassir, baina ya Muzdalifa na Mina. Mahaji wangapi wameharakishwa pale na kiongozi wao wasijue sababu? Adabu ni ile ile moja. Mahali pa ghadhabu hupitwa, hapakaliwi.

Adabu hiyo haikufa na masahaba. Kwa karne nyingi msafara wa mahujaji wa Sham ulitoka Dameski kwenda Madina kwa njia hiyo hiyo, mwendo wa siku 40 hivi, na Hijr ikawa kituo katika njia. Mwaka 1326 alipita nao kijana wa Tanja, mji ulioko Moroko, jina lake Ibn Battuta, ambaye baadaye alifika mpaka Mombasa na Kilwa. Anaeleza kwamba msafara ulipumzika Tabuk, ukajaza viriba, kisha ukaenda usiku na mchana bila ya kutulia kwa kulicha jangwa. Walipofika Hijr waliviona visima vyake vina maji mengi, na katika watu wale waliokaushwa na jua hakuna hata mmoja aliyeyagusa, ijapokuwa kiu ilikuwa kali namna gani, kwa kukifuata kitendo cha Bwana Mtume (s.a.w.) cha miaka 700 nyuma. Mbele ya jambo hili hata msomaji wa leo hunyamaza. Hapakuwa na askari wa kuwazuia wala bango la kuwaonya. Walizuiwa na hadithi waliyofundishwa utotoni.

Lakini desturi za njia hazikosi takataka. Kaskazini ya Hijr kuna mwanya baina ya majabali, uitwao Mabrak an-Naqa, yaani mahali alipopiga magoti ngamia jike. Ilizoeleka mahujaji wakifika hapo hupiga kelele na kufyatua bunduki, eti ngamia wao wasimsikie mtoto wa ngamia wa Saleh akilia ndani ya jabali, wakakataa kwenda. Hilo halina asili katika Kitabu wala katika hadithi sahihi. Watu waliambiwa walie kimya, wakageuza wakapiga baruti! Ndivyo ilivyo tabia ya binadamu: ibada ya moyo humwia nzito, na kelele humwia nyepesi.

Dola ya Uthmaniya ilikuwa na ngome Hijr, yenye kisima ndani yake na birika kubwa la maji ya mahujaji, na wenyeji walikihesabu kisima hicho kuwa ndicho cha ngamia wa Saleh. Mwaka 1876 Mwingereza mmoja, Charles Doughty, Mkristo asiyeificha dini yake, alifuatana na msafara wa Sham hadi hapo. Aliukadiria kuwa na watu wapatao 6,000. Wenziwe walipoendelea na safari ya hija, yeye alibaki katika ngome, akizunguka makaburini na kuyanakili maandishi kwa kubandika karatasi mbichi juu ya jiwe. Nakala zake zilichapishwa Ufaransa mwaka 1884. Halafu ikaja reli ya Hijazi, iliyoanzwa mwaka 1900 kwa michango ya Waislamu wa nchi nyingi, ikafika Madina mwaka 1908. Njia ya siku 40 ikawa ya siku chache. Stesheni ilijengwa Hijr, na majengo yake yapo mpaka leo. Vita vya 1914 hadi 1918 viliivunja reli hiyo, na sehemu ya Hijazi haikupata kufufuka tena. Msafiri wa leo huyaona matuta yake yakienda kando ya barabara, kisha yakipotea mchangani.

Sasa, je, ile milango iliyochongwa ni ya nani? Jambo hili linahitaji moyo mpana, kwa kuwa vijana wakirudi huko huwa wameambiwa na waongozaji kwamba yale siyo majumba ya Thamud, na wengine hufadhaika. Haifai kufadhaika, wala haifai kuwakemea.

Ukweli ni huu. Milango ile ni ya makaburi, na makaburi yanasema yenyewe ni ya nani, kwa maandishi yaliyochongwa juu yake. Wenyewe ni Anbat, Waarabu wafanya biashara waliotawala kutoka mji wa Petra ulioko Yordani ya leo. Makaburi makubwa ni 111, na kati yake 94 yana mapambo. Yale yenye tarehe yalichongwa baina ya mwaka 1 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.) na mwaka 75 baada yake. Maandishi hutaja jina la mwenye kaburi, na warithi wake wanaoruhusiwa kuzikwa humo, na mara nyingi jina la mchonga mawe. Kisha hulaani mtu atakayeliuza, au kuliweka rehani, au kumzika humo mgeni, na humtoza faini ya kulipwa kwa mfalme na kwa sanamu waliyoiabudu. Makaburi kadhaa yamesajiliwa kwa majina ya wanawake. Lililo mashuhuri zaidi, Qasr al-Farid, limesimama peke yake katika jabali moja, na halikumalizika: mafundi walianza kuchonga juu wakashuka, na chini pamebaki jiwe lisilosawazishwa, na alama za patasi zingalipo. Mwaka 106 Warumi waliitwaa dola ya Anbat, na jiwe lenye maandishi ya Kilatini lililofukuliwa Hijr linataja ukarabati wa ukuta wa mji katika zama za Marcus Aurelius.

Ibn Battuta alipochungulia ndani aliona mifupa iliyooza, akadhani ni ya Thamud waliokufa majumbani mwao. Asilaumiwe, hakuna aliyeweza kuyasoma maandishi yale wakati huo. Wataalamu wa Saudia na Ufaransa, walioanza kupima eneo hilo pamoja mwaka 2002 na kuchimba mwaka 2008, wameikuta mifupa hiyo pamoja na vipande vya nguo na ngozi walizovishwa maiti.

Je, hayo yanaipinga Kurani? Hata kidogo. Kurani haikusema kwamba kila mlango uliopo katika bonde hilo ulichongwa na Thamud. Imesema walichonga nyumba katika milima, na imemtaja Muumini wa jamaa ya Firauni akiwaonya watu wake kwa yaliyowapata kina Thamud, basi wao walikuwa kabla ya Musa (a.s.), na Anbat ni watu wa juzi. Bonde lenye maji jangwani haliachwi tupu. Watu huondoka, wengine huja, wakachimba pale pale na kuchonga pale pale. Na jina la Thamud si la ngano: mfalme wa Ashuri, Sargon wa Pili, alijigamba katika kumbukumbu zake kwamba aliwashinda kina Thamud mwaka 715 kabla ya Isa (a.s.), na katika karne ya 2 baada ya Isa (a.s.) watu wenye jina hilo hilo walijenga hekalu huko Ruwwafa, katika nchi ya Tabuk, wakaandika jina lao juu yake kwa Kiyunani na Kinabati. Uhusiano wao na watu wa Saleh (a.s.) anaujua Mwenyezi Mungu. Lakini adabu ya bonde haikufungamana na mlango huu au ule. Bwana Mtume (s.a.w.) hakuwaonyesha watu jengo fulani, alizungumza juu ya nchi na visima vyake. Makaburi ya Anbat yalikuwapo siku aliyopita, yamekwisha kupata miaka 600, na amri yake ilikuwa vile vile.

Na kuna kaburi moja huko ambalo mwenye moyo hatalipita bure. Liliandikwa mwaka 267, kwa maneno yaliyochanganyika Kiarabu, na hilo ni miongoni mwa maandishi ya kale sana ya lugha hiyo. Mtu mmoja anaeleza kwamba amemzikia hapo mama yake, Raqosh, aliyefariki katika Hijr. Jina la mahali limeandikwa hivyo hivyo: Hijr. Kisha anaapiza laana ya Mola wa ulimwengu imshukie atakayelifungua kaburi. Hapo pana mtoto anayemlinda mama yake, na apitaye na amwombee Mwenyezi Mungu uongofu yeye mwenyewe na wazazi wake, kisha aende zake.

Yabaki maneno machache kwa atakayesafiri. Ndani ya eneo la Hijr, ambalo mwaka 2008 UNESCO waliliandika katika urithi wa dunia, mgeni haruhusiwi kupiga hema. Huingia kwa magari ya wasimamizi pamoja na kiongozi, akatoka. Sheria hiyo imewekwa kwa ajili ya kuyahifadhi mawe, nayo imeafikiana na hadithi. Wanaotaka kulala chini ya nyota hulala nje, katika makambi yaliyo upande wa Al-Ula. Tangu mwaka 2018 kumekuwa na matamasha ya majira ya baridi huko Al-Ula, na ngoma na waimbaji kutoka nchi mbalimbali. Kila mtu atajibu kwa lake, lakini aliyetoka Msikiti wa Mtume asubuhi na jioni akatafuta muziki jirani na Hijr ameyatafuta mambo mawili yasiyokaa katika mfuko mmoja.

Na kulala jangwani kuna adabu zake, zilizofundishwa na aliyelala huko. Wasafiri wakiwa watatu na wamchague mmoja awe amiri wao, ili wasigombane juu ya kila kituo. Usiku wasilale njiani, kwa kuwa njia ndiyo mapito ya wanyama na wadudu. Waliposhuka mahali, masahaba walikuwa wakitawanyika, huyu katika bonde hili na huyu katika lile; Bwana Mtume (s.a.w.) akawaambia kutawanyika huko kunatokana na shetani, na tangu siku hiyo wakawa wakijikusanya hata ikasemwa nguo moja ingetandazwa ingewafunika wote. Katika sira ya Ibn Ishaq imetajwa kwamba huko huko Hijr aliwaonya asitoke mtu usiku ila pamoja na mwenziwe, na wawili waliotoka peke yao wakapatwa na masaibu: mmoja alikabwa, na wa pili, aliyekwenda kumtafuta ngamia wake, akachukuliwa na upepo mpaka katika milima ya kabila la Tayy.

Upepo huo ungalipo. Na baridi ipo: mwezi wa Januari usiku wa Al-Ula hushuka chini ya nyuzi 10, na mwenye kanga moja hulala akitetemeka. Makorongo yaliyokauka, yenye mchanga laini wa kuvutia kulalia, mvua ikinyesha milimani hujaa mafuriko kwa ghafla. Asipige mtu hema humo hata mbingu iliyo juu yake iwe safi. Maji na yachukuliwe ya kutosha kutoka mjini, ya kunywa na ya kutawadhia, na yakipunguka basi tayamamu ipo na mchanga hauna idadi. Sala ya msafiri inajulikana.

Ama pa kulala, palikwisha kuchaguliwa zamani. Msafara ule wa 1326 ulipokwisha kupita penye visima vya Thamud bila ya kunywa, ulikwenda mwendo wa nusu siku au chini yake ukafika Al-Ula, kijiji kikubwa chenye mitende na chemchemi. Hapo watu wakanywa. Walikaa siku 4, wakafua nguo zao, wakajaza vyakula, na vile vilivyowazidi wakaviweka amana kwa wenyeji mpaka watakaporudi kutoka hija. Ibn Battuta anawasifu wenyeji hao kuwa ni watu waaminifu. Wafanya biashara Wakristo wa Sham nao walikuwa wakifika mpaka hapo, wasivuke, na mahujaji wakinunua kwao chakula na mahitaji ya njiani. Na asubuhi ya kuondoka kila mtu akachukua alichohitaji tu, akaenda Madina na mzigo mwepesi.

Wabillahi taufiki. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.